Ukiuza nyumba kwa ajili ya mgonjwa, asilimia 10 ya dalali inajadilika

Mama yangu ameuza vitenge Kariakoo kwa zaidi ya miaka 20. Nimewahi kumuona akivutana na mteja kwa shilingi 500 hadi wote wawili wakaishia kucheka. Lakini siku dalali alipokaa sebuleni kwetu Segerea na kusema, "Udalali wetu ni kumi tu mama, hiyo inajulikana," mama alijibu "sawa mwanangu" na kwenda jikoni kumletea soda.

Hata mimi nilinyamaza. Kaka yangu naye alinyamaza. Baba alikuwa chumbani amelala, ametoka kusafishwa damu asubuhi ile.

Msomaji wangu umezoea kukutana nami hapa nikizungumzia presha, chanjo na lishe ya watoto. Leo naomba univumilie nizungumzie dalali, kwa sababu katika miaka yangu michache ya kuandika habari za afya nimekutana na familia nyingi zilizouza kiwanja, shamba au nyumba ili mgonjwa atibiwe, na sikuwahi hata mara moja kuwauliza wameuza vipi. Nilikuwa nauliza kuhusu ugonjwa tu. Ilipofika zamu yetu ndipo nikagundua kwamba fedha nyingi ya mgonjwa hupotea kabla haijafika hospitali.

Nieleze hesabu yetu ili tuelewane. Figo za baba zilishindwa kufanya kazi, na bima yake ilikoma mkataba wake wa kazi ulipoisha. Anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na kila mara anakaa kwenye mashine kama saa nne hivi. Katika kituo tunachokwenda tunalipa shilingi 200,000 kila anapokaa kwenye mashine, yaani 600,000 kwa wiki, bado nauli, vipimo na sindano za kuongeza damu. Kaka yangu alikuwa ameanza vipimo vya kuona kama anaweza kumpa baba figo. Muhimbili walipandikiza figo kwa mara ya kwanza hapa nchini Novemba 2017, kwa hiyo siku hizi si lazima mtu akate tiketi ya India, lakini bado ni jambo la kujipanga. Tulikaa kikao cha familia, baba mwenyewe akasema: "Nyumba niliijenga ili itusaidie. Iuzwe."

Tulidhani nyumba ina thamani ya shilingi milioni 90. Asilimia 10 ya hapo ni milioni 9. Ukigawanya kwa 600,000, ni wiki 15 za baba. Hiyo ndiyo "kumi tu" iliyotajwa huku tukimimina soda.

Kosa letu la kwanza halikuwa hata hiyo kumi. Dalali alipouliza, kwa upole kabisa, "kwani mnauza kwa nini?", mimi ndiye niliyejibu. Nikamwambia kila kitu: baba mgonjwa, figo, tunahitaji fedha haraka. Kazi yangu ni kuwafanya watu wazungumzie ugonjwa bila aibu, na bado naamini hivyo, lakini si mbele ya mtu ambaye kesho yake atakuja na mteja na kumwambia "hawa wana shida, watashuka". Jibu la kweli na linalotosha lipo: "Tunataka kuhamia nyumba ndogo." Basi. Anayetaka kujua zaidi aulize kuhusu paa na maji.

Kosa la pili alilifanya mama, na hili nalisikia katika familia nyingi. Alisema: "Mimi nataka milioni 80 mkononi. Ukipata zaidi, utajua mwenyewe." Alidhani amejilinda. Kumbe alikuwa amemfungulia dalali mlango wa cha juu.

Wiki tatu zilipita bila mteja hata mmoja kurudi mara ya pili. Halafu binamu yetu aliyekuwa anatafuta nyumba upande wa Tabata akatutumia picha aliyoletewa kwenye simu. Sebule yetu, pazia la mama, bei milioni 95. Dalali alikuwa ameweka milioni 15 zake juu, na bado angetudai asilimia 10 ya ile 80, yaani milioni 8. Jumla milioni 23 katika nyumba moja. Sikutaka kugawanya kwa wiki, lakini nikagawanya: zaidi ya wiki 38.

Kilichoniuma zaidi ni zile wiki tatu. Nyumba zinazofanana na yetu mtaani zilikuwa zinauzwa milioni 80 na kitu. Mteja akisikia 95 anaangalia, anashukuru, anaondoka. Cha juu hakimli muuzaji pesa tu, kinamlia muda, na kwa mtu mwenye mgonjwa ndani muda ndiyo hasa kitu asichokuwa nacho. Kwa hiyo kama unachukua jambo moja tu kwenye ukurasa huu, chukua hili: bei ambayo dalali anamtajia mnunuzi iwe ni bei uliyoikubali wewe, iandikwe, na mnunuzi akae na wewe uso kwa uso kabla ya kutoa hata senti. Dalali anayekataa mkutane na mnunuzi ana sababu yake.

Dalali wa kwanza tuliachana naye bila ugomvi. Hatukuwa tumeandikiana chochote, kwa hiyo ilikuwa rahisi kuachana, lakini pia ingekuwa rahisi kwake kurudi baadaye na kusema mnunuzi alikuwa wake. Alijaribu, nitaeleza.

Wa pili tulielekezwa na jirani. Mtu mzima, ana kijiwe karibu na kituo cha daladala, meza moja na daftari kubwa. Safari hii tulikwenda sisi kwake, na mama alikuwa amejiandaa. Niliona hata mtandio ameufunga kama siku za mzigo mpya.

"Kaka, kumi ni nyingi," mama alianza.

"Dada yangu, kumi siili peke yangu," akajibu, na akafungua daftari. Nampa heshima yake kwa hili, maana alitueleza biashara yao ilivyo. Mnunuzi mara nyingi huletwa na dalali mwingine, na huyo huchukua nusu. Kuna vijana wa bodaboda wanaowapeleka watu kuangalia. Kuna wateja kumi wanaoona nyumba na mmoja tu anayenunua. Na kuna wauzaji, alisema akituangalia, ambao wakishaonyeshwa mnunuzi wanamaliza naye pembeni na dalali hapati kitu. "Hiyo kumi, ndani yake kuna ada ya wale walionikimbia."

Hapo ndipo mazungumzo yalipobadilika. Kama sehemu ya ile kumi ni bei ya hofu yake ya kutolipwa, basi tukimwondolea hofu, bei ishuke. Kabla ya hapo nilidhani kupatana ni kutaja namba ndogo na kukaza uso. Mama, ambaye hajasoma chuo kikuu kama mimi, aliliona haraka kuliko mimi. Alimwambia: "Nikikupa nyumba peke yako kwa siku 60, sitampa dalali mwingine, tukaandikiana kwa wakili, na ukalipwa siku ileile fedha inapoingia benki, utachukua ngapi?"

Akasema nane. Mama akasema tatu. Soda ililetwa tena, safari hii yeye ndiye aliyenunua.

Tuliishia kwenye mpango ambao naona unafaa kuigwa. Kwa shilingi milioni 80 za kwanza, udalali asilimia 4. Kwa kila kinachozidi 80, asilimia 20 ni yake. Kaka yangu aliguna aliposikia 20, lakini fikiria. Kwa asilimia 4 ya kawaida, mteja akitaka kupunguza milioni mbili, dalali anapoteza 80,000 tu, na kwake ni bora biashara iishe leo kuliko kubishana wiki nzima kwa ajili ya 80,000. Kwa mpango wetu, milioni mbili za juu zina 400,000 zake ndani. Hapo anabisha kwa niaba yako. Ni kama cha juu, isipokuwa hiki kiko mezani, kinaonekana na wote.

Kisheria hakuna kitu kinachoitwa kumi ya lazima kwa dalali. Ni mazoea, na mazoea hupatanwa. Wapo wanaotoza tano kwa nyumba za bei kubwa bila hata kuombwa, kwa sababu wanajua asilimia ndogo ya fedha nyingi bado ni fedha. Kwa kiwanja cha milioni 5 sishangai dalali akigoma kushuka, maana asilimia 4 ya hapo ni laki mbili na huenda ameshamaliza nusu yake kwenye nauli.

Karatasi tuliyoandikiana ilikuwa ya ukurasa mmoja na nusu. Ilisema bei ya kutangazwa, muda wa siku 60, na kwamba udalali unalipwa kwa kadiri fedha ya mnunuzi inavyoingia. Hili la mwisho ni muhimu kwa sababu wanunuzi wengi hulipa kwa mikupuo, na dalali hupenda kuchukua chake chote kwenye mkupuo wa kwanza. Mnunuzi akishindwa kumalizia, wewe umebaki na mgogoro na yeye ameshakula. Ilisema pia kwamba atatuandikia majina ya kila anayemleta, na tukimuuzia yeyote kati ya hao ndani ya miezi sita, udalali ni wake hata kama muda umeisha. Hiyo ilikuwa haki yake na tuliiandika bila kulalamika. Na ilisema kwamba dalali mwingine yeyote atakayejitokeza atalipwa na yeye, si na sisi.

Halafu kulikuwa na mambo ya mgonjwa, ambayo sijawahi kuyaona kwenye mkataba wowote wa udalali na ambayo ningependa kila familia iyaweke. Hakuna mtu kuja kuangalia nyumba Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Hizo ni siku za mashine, na mtu akitoka hapo shinikizo la damu linaweza kuwa limeshuka, ana kizunguzungu, anataka kulala. Siku nyingine wageni waje baada ya taarifa ya siku moja, wavae barakoa wakiingia chumba cha baba, na wasizidi watatu. Dalali wa kwanza alikuwa anatuletea watu saa mbili usiku. Mtu anafungua mlango wa chumba, anaangalia dari, anaangalia mgonjwa, anafunga. Baba hakusema kitu, lakini siku moja nilimkuta amevaa shati na suruali ya kutokea, amekaa kitandani anasubiri wateja wa nyumba yake wasimkute amelala.

Siku za kusaini nazo tulizipanga hivyohivyo, Jumanne au Alhamisi, asubuhi. Figo zikishindwa, uchafu unaobaki kwenye damu unaweza kumfanya mtu achoke akili, asahau, asielewe vizuri anachosomewa. Mtu anayesaini mauziano lazima awe anaelewa anachofanya, kwa heshima yake na kwa usalama wa karatasi yenyewe. Ndugu asije akasema miaka miwili baadaye kwamba mzee alisainishwa hajitambui.

Na sahihi ya mama je? Nyumba iko kwa jina la baba, na dalali wa kwanza alikuwa ameshasema "mama hahitajiki, mzee akisaini inatosha". Si kweli. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inasema nyumba ya familia haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi. Wakili wa mnunuzi aliomba ridhaa hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Dalali asiyejua hilo, au anayejua na kunyamaza, atakuletea mnunuzi atakayekimbia kwenye meza ya mwisho.

Hati halisi haikutoka ndani ya nyumba. Dalali alipewa nakala.

Mnunuzi alipatikana siku ya 41. Tulitangaza 88, akaanza na 78, tukaishia 84. Mkataba wa mauziano ulisainiwa kwa wakili, milioni 50 zikaingia benki siku hiyo, na 34 zilikuwa zije baada ya taratibu za uhamisho. Tukiwa bado ofisini kwa wakili, mlangoni akatokea nani? Dalali wa kwanza. Akasema mnunuzi huyu alimwonyesha yeye nyumba ile mwezi uliopita, na anataka kumi yake. Mnunuzi akasema hamjui. Wakawa wanabishana kwenye korido, baba amekaa kwenye kiti cha plastiki amefumba macho. Dalali wetu alikunja ile karatasi ya ukurasa mmoja na nusu, akamchukua mwenzake kwa mkono wakatoka nje. Sijui walielewana nini huko. Kwetu hakurudi. Bila ile sentensi moja ya "atalipwa na yeye", nadhani siku ile tungelipa ili tu baba arudi nyumbani.

Udalali wote ulikuwa milioni 4: asilimia 4 ya 80 ni milioni 3.2, na asilimia 20 ya zile nne zilizozidi ni 800,000. Alichukua milioni mbili siku ya mkupuo wa kwanza na milioni mbili siku ya mkupuo wa pili. Kwa "kumi tu" angechukua milioni 8.4. Tofauti ni milioni 4.4, wiki saba za baba na chenji kidogo.

Alituandikia risiti, tukaitunza. Kodi ya faida ya kuuza nyumba kwa mkazi mwenye kumbukumbu za gharama zake ni asilimia 10 ya faida, si ya bei yote, na ni mzigo wa muuzaji. Faida inapigwa baada ya kutoa gharama ulizotumia kupata nyumba na kuiuza, kwa hiyo karatasi zina thamani. Ipo pia nafuu yenye masharti kwa nyumba uliyoishi mwenyewe; nenda ofisi ya TRA uulize kabla ya kukubali bei, si baada yake. Baba alijenga kwa miaka tisa, mfuko kwa mfuko, na risiti tulizopata zilitosha kwenye bahasha moja. Mabati, nondo, na moja ya rangi ambayo maandishi yalikuwa yamefutika kabisa.

Neno moja kwa wanaouza nyumba zisizo na hati. Huko mauziano hufanyika mbele ya serikali ya mtaa, na mara nyingi utakuta kuna kumi nyingine inayotajwa pale ofisini. Uliza imeandikwa wapi, na kama ni malipo halali utapewa namba ya kumbukumbu ya malipo na risiti. Ukiambiwa lete mkononi, umeshajibiwa. Na katika mapatano yako na dalali, hakikisha neno "udalali" halibebi ndani yake fedha ya mtu mwingine.

Sasa tumepanga vyumba viwili na sebule karibu na kituo cha mashine, baba anatembea kwa miguu akiwa na nguvu. Kaka bado yuko kwenye vipimo. Aliyetutafutia nyumba hiyo ni dalali yuleyule wa daftari kubwa. Tulipomuuliza ada yake akasema kwa nyumba ya kupanga ni kodi ya mwezi mmoja, hiyo inajulikana. Mama akavuta kiti, akakaa.